Samaki Bila Kikaratasi: namna ya kukusanya samaki kwa ajili ya sayansi



Wengi wenu mlituona wakati wa likizo tukipita njia ya Kamatanda na ndoo, wavu na mabokali matupu. Wengine walitucheka: "Ba sayansi, munaenda kutafuta mboga?" Tena mama mmoja wa sokoni alitazama tusamaki twetu, akauliza kama tunatuuza kwa fungu. Hatukukasirika. Lakini tumeona ni vizuri kueleza kazi hii ni kazi gani, inafanywa namna gani, na makosa gani tulifanya sisi wenyewe, ili mwenye kutufuata asianguke pale tulipoanguka.

1. Juu ya nini kuweka samaki ndani ya bokali?

Mtu atauliza: samaki si wa kula? Ndiyo, ni wa kula, na sisi tunapenda kabambale na bukari kama ninyi. Lakini samaki mmoja anaweza kufanya kazi ingine pia. Anaweza kuwa shahidi. Anashuhudia kwamba siku fulani, mahali fulani, samaki wa namna yake walikuwa wanaishi katika maji yale.

Tuanze na mfano wa mbali kidogo, halafu tutarudi kwetu. Katika Ziwa Victoria kulikuwa na samaki wadogo wa namna nyingi sana, mamia ya namna, ambao watu wa Mwanza wanawaita furu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 watu waliingiza katika ziwa lile samaki mkubwa anayekula wenzake, sangara. Kwa miaka mingi haikuonekana kitu. Halafu, katika miaka ya 1980, sangara wakajaa, na furu wengi wakapotea. Sangara hakuwa peke yake, maji nayo yalikuwa yakichafuka. Lakini tangu mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, katika nchi ya Uholanzi, walikuwa wanafanya kazi Mwanza. Walikamata furu, wakawaandikia vikaratasi, wakawaweka katika alkoli. Leo kuna namna za furu ambazo hazionekani tena katika ziwa. Ziko ndani ya mabokali tu. Kama watu wale hawangefanya kazi mbele ya samaki kupotea, hata kupotea kwenyewe hakungejulikana. Nani anaweza kulilia kitu ambacho hakujua kama kilikuwako?

Sasa turudi kwetu. Mto wetu mkubwa ni Lufira. Mwaka 1930 kiwanda cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi, na mto ukazibwa pale kwenye maporomoko. Nyuma ya ukuta maji yakatanda, yakawa ziwa Tshangalele, lenye upana wa karibu kilometa mraba 400. Mahali palipokuwa mto na majani, leo ni ziwa. Samaki wanaopenda maji yanayokimbia na samaki wanaopenda maji yaliyotulia si wamoja. Kwa hiyo ziba moja tu linaweza kugeuza hesabu yote ya samaki wa nchi.

Tena kuna jambo la madini. Sisi wa Likasi hatuhitaji kufundishwa hilo. Maji ya mji wetu na ya viwanda vyetu yanashuka kwa mito kama Panda na Buluo, yanaelekea upande wa Lufira na ziwa lile. Na katika vijito, watu wenye kuchimba kwa mikono wanaosha mawe yao, sababu wanatafuta chakula cha watoto wao. Mwaka 2010 watafiti, kati yao watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kazi yao juu ya shaba, kobalti, zinki, risasi na madini mengine namna yanavyoingia katika mnyororo wa chakula wa Lufira ya juu. Ndiyo kusema: toka maji na matope mpaka samaki, na toka samaki mpaka sahani yetu. Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe.

2. Mbele ya kwenda mtoni

Mtu haamki tu asubuhi akatupa wavu. Kwanza kuna ruhusa. Mto uko na wenyewe: kuna chifu wa mahali, kuna wavuvi waliozaliwa pale, kuna serikali na ofisi yake ya mazingira. Mtaalamu wa kweli anatafuta karatasi ya serikali, kisha anamwendea chifu na kueleza kazi yake. Akitaka kupeleka samaki katika nchi ingine, ni lazima karatasi zingine. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi mwaka 2014, unasema kwamba kila nchi iko na haki juu ya viumbe vyake na juu ya faida inayotoka kwao. Zamani mambo hayakuwa hivi. Samaki wengi wa Katanga walisafiri mpaka Ulaya, na watu wa mto hawakuulizwa neno.

Pili, kuna wakati. Wakati wa mvua na wakati wa ukavu havitoi samaki wamoja. Mfano mzuri ni samaki wadogo wanaoitwa Nothobranchius. Hawapiti urefu wa kidole, na madume yao yanang'aa rangi kama kitenge kipya. Wanaishi katika madimbwi ya mvua. Maji yakikauka wote wanakufa, lakini mayai yao yanabaki ndani ya matope yaliyokauka, yanangojea mvua ya kwanza. Mwaka 1978 mtaalamu Wildekamp alitangaza namna tatu mpya za samaki hawa kutoka jimbo letu, ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Moja ikapewa jina la profesa Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, na ingine jina la Max Poll, ambaye tutamtaja tena. Basi, mtu akienda kuwatafuta mwezi wa Septemba ataona udongo mkavu tu, na ataandika: "Hapa hakuna samaki." Atakuwa amedanganya bila kujua.

3. Kukamata

Hakuna chombo kimoja kinachokamata samaki wote. Wavu wa kutega uko na matundu ya kipimo kimoja: matundu makubwa yanaacha wadogo wapite, matundu madogo hayashiki wakubwa. Kwa hiyo wataalamu wanatega nyavu za matundu mbalimbali, jioni mpaka asubuhi. Kwenye maji mafupi, kati ya majani, wanatumia wavu wa mkono. Kwenye mawe, mitego ya kusukwa. Kwa samaki mkali, ndobo. Wengine wako na mashine inayopitisha umeme kidogo katika maji, ili samaki walegee na kuelea. Kazi hiyo ni ya watu waliofundishwa tu, sababu umeme ule unaweza kuua mtu pia.

Na buba je? Wazee wetu wanajua majani haya, yanayopondwa na kutiwa katika maji ili samaki walewe. Hata wataalamu walitumia dawa iliyo ndani yake, inayoitwa rotenoni. Lakini buba haichagui: inaua mkubwa na mtoto, inaua na wadudu wa maji. Sisi hatukuitumia, na tunawaomba msiitumie.

Neno kubwa hapa: kamata kidogo. Mtaalamu anachukua wachache wa kila namna, wadogo kwa wakubwa, madume na majike, na wanaobaki anawarudisha wazima. Anayejaza ndoo juu ya tamaa ni mvuvi, si mkusanyaji.

4. Toka maji mpaka bokali

Samaki akifa rangi yake inakwenda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama na kuandika: mgongo wa kijani, tumbo jeupe, mapezi mekundu, madoa mangapi ubavuni. Mwenye aparei au telefone anapiga picha palepale. Halafu samaki anauawa bila kuteswa, katika maji yenye mafuta ya karafuu mengi. Analala, haamki tena.

Kisha mtaalamu anakata kipande kidogo cha pezi la upande wa kuume, anakiweka katika kachupa ka alkoli kali, ya 96 kwa mia. Kipande hicho ni cha kusoma ADN, ndiyo maandiko ya urithi yaliyo ndani ya mwili. Kwa nini kuume? Sababu desturi ni kupima samaki kwa upande wa kushoto, basi upande huo unaachwa mzima. Na kwa nini kipande kinatoka mbele ya dawa? Sababu dawa inayofuata inaharibu ADN.

Dawa hiyo ni fomoli. Wataalamu wanachanganya sehemu 1 ya fomoli ya duka na sehemu 9 za maji. Samaki mkubwa anapigwa sindano tumboni, ili asioze kwa ndani. Wanamlaza amenyooka, mkia usikunjwe, sababu atakavyokauka ndivyo atakavyobaki miaka mia. Anakaa katika fomoli siku kadhaa, anaoshwa kwa maji, kisha anahamia katika alkoli ya 70 kwa mia, nyumba yake ya siku zote.

Angalisho, ndugu zetu: fomoli si mchezo. Inachoma macho na kifua, na tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa limeiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Sisi wanafunzi hatukuigusa. Kwa kazi yetu ndogo mwalimu alitupatia alkoli tu, naye alikuwa pale.

5. Kikaratasi, na kosa letu

Sasa tumefika penye kisa chetu. Kazi yetu ilikuwa na swali moja. Katika kijito kimoja tulichagua mahali pawili: pa juu, maji yakiwa bado safi, na pa chini, nyuma ya mahali watu wanaposhea mawe ya madini, pale maji yanapokuwa mazito na mekundu. Tulitaka kujua: samaki wa juu wanaishi na chini?

Juu tulipata tusamaki twa jamaa ya Barbus, ile midogo ambayo tangu mwaka 2015 wataalamu wengi wanaiita Enteromius, yenye madoa meusi matatu ubavuni. Chini tulihangaika toka asubuhi mpaka jua la utosi bila kitu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita alisimama kututazama.

"Batoto, munatafuta nini mu haya maji?"

"Samaki, mzee. Tunataka kujua kama wako."

"Mi nilikuwa naikamataka hapa wakati nilikuwa kijana, na mandobo ya misumari. Leo haiko tena. Munachoka bure."

Lakini mwenzetu mmoja hakuacha. Saa ya kurudi, chini ya mizizi ya mti, akainua wavu, na ndani mlikuwa tusamaki tutatu. Madoa matatu ubavuni! Mzee akainama, akatutazama sana, halafu akacheka, akapiga makofi. Akatutajia jina babu yake alilokuwa anaita samaki huyu. Tulirudi na furaha kama watu waliopata almasi: mabokali mawili, moja la juu, moja la chini, samaki watatu katika kila moja.

Vikaratasi tuliviandika vizuri sana, kwa biki ya bleu, tukavitia ndani. Kisha ya juma mbili tulifungua kabati ya labo. Alkoli ilikuwa imekuwa bleu kidogo, na vikaratasi vilikuwa vyeupe kabisa. Wino wa biki unayeyuka katika alkoli. Sisi tulikuwa hatujui.

Mwalimu aliinua bokali moja.

"Hii ni nini?"

"Samaki, mwalimu."

"Wa wapi? Wa juu ao wa chini?"

Tukanyamaza. Samaki walikuwa sawasawa, madoa matatu na matatu. Jina alilotutajia mzee tulikuwa tumeliandika pale pale kwenye kikaratasi, hatukuliweka katika kaye. Kila mmoja wetu alilikumbuka namna yake.

"Basi," mwalimu akasema, "hii si sayansi tena. Ni mboga iliyoharibika."

Hakupaza sauti, lakini neno lile lilituingia. Sisi tulijua kwa vichwa vyetu kwamba samaki bado wako chini. Lakini mtu mwingine hawezi kutuamini kwa maneno tu, naye ana haki. Tulirudi mara mbili kutega pale chini ya mizizi. Hatukupata kitu. Mabokali yale mawili yako bado katika kabati, na juu yake tumeandika alama ya kuuliza.

Basi, sheria ya kikaratasi ni hizi, mziandike ndani ya vichwa:

Andika kwa kreyo ao kwa wino wa shini, si kwa biki. Kreyo haiogopi maji wala alkoli.

Tia kikaratasi NDANI ya bokali pamoja na samaki. Cha nje kinaanguka, kinaliwa na mende.

Andika nchi, mto, mto mkubwa unaoupokea, kijiji cha karibu, na mahali penyewe. Mwenye telefone inayoonyesha namba za mahali aziandike nazo. "Kijito cha Likasi" haitoshi. Kipi? Juu ao chini?

Andika tarehe yote na mwaka, majina ya waliokamata, na chombo walichotumia.

Andika jina ambalo watu wa pale wanaita samaki, na ni kwa luga gani.

Tena, maneno yote haya yaandikwe mara ya pili katika kaye, na kaye ilale mahali pengine, si pamoja na bokali.

6. Nyuma ya pale samaki anakwenda wapi?

Samaki mwenye kikaratasi anaweza kungoja. Mwaka 1946 mpaka 1949 kundi la G.F. de Witte lilikusanya wanyama katika Parke ya Upemba, kaskazini ya kwetu. Samaki wao walipelekwa Ubelgiji. Max Poll, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya Tervuren, aliwasoma, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1976. Hesabuni wenyewe: miaka 27 toka mwisho wa safari. Muda huo wote vikaratasi vilikuwa vinasema: tulitoka hapa, siku hii.

Mtaalamu anahesabu magamba ya ubavuni, miiba na mishipa ya mapezi, anapima kichwa, jicho na mkia mpaka sehemu ya kumi ya milimeta. Halafu analinganisha na samaki wa mabokali mengine. Akiona namna mpya kabisa, anachagua samaki mmoja kuwa shahidi wa jina lile kwa siku zote. Huyo anaitwa holotipo. Mwaka 1983 Ethel Trewavas, wa makumbusho ya London, alitoa kitabu kikubwa juu ya tilapia. Ndani yake tilapia wa Ziwa Mweru wakapata jina lao, mweruensis. Zamani walichanganywa na macrochir, jina ambalo Boulenger alitoa mwaka 1912. Bila kikaratasi kinachosema "Mweru", nani angeweza kuwatenga?

Na siku hizi kazi haiko ya wageni peke yao. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na wataalamu wake wa samaki, kama Auguste Chocha Manda, na wanafanya kazi pamoja na watu wa Tervuren. Wanafunzi wa Katanga wanasoma samaki wa Katanga. Kati yenu mnaosoma ukurasa huu, kwa nini asitoke mmoja?

7. Sisi tufanye nini?

Hatuwaombi mwue samaki. Tunawaomba mambo mawili mepesi. La kwanza: kila mmoja, akienda kwao kwa likizo, akae na babu, nyanya ao mjomba aliyekuwa mvuvi. Amwulize majina ya samaki wa mto wao, na ni wale gani wasioonekana tena, na tangu lini. Aandike palepale, kwa kreyo, na tarehe, na jina la mto. Wazee nao ni kama mto: kinachopotea pamoja nao hakirudi.

La pili: mkimwona mtoto anacheka wenye ndoo na wavu, mwelezeni. Mama yule wa sokoni, tulipomweleza, alifikiri kidogo, akasema: "Kumbe munaandika kitabu cha mto." Hatujapata neno zuri kupita lile.

Sisi tutarudi kwenye kijito kile mvua zikianza, pa juu na pa chini, na nyavu zilezile. Mzee yule ameahidi kuja na kututajia jina mara ya pili. Safari hii kila mmoja wetu atakuwa na kreyo mfukoni.

Ni sisi,
Kikundi cha Sayansi
Kamatanda